Karatasi ya Kahawia

Wiki moja kabla ya uchaguzi wa 9 Agosti 2022, baada ya swala ya isha, tulikusanyika nyumbani kwa shangazi yangu mtaa wa Mkomani, Lamu. Wanawake tisa, mkeka mmoja, birika la kahawa. Stima ilikuwa imekatika, tukawasha chemli. Nikatandaza vipande sita vya manila: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa kike na kahawia hafifu ya mwakilishi wa wadi. Ndizo zilizokuwa rangi za karatasi za kura mwaka ule, na vifuniko vya masanduku vilifuata rangi hizo hizo.

Rangi zenyewe ndizo zilizotutatiza kwanza. Kwenye mwanga wa chemli, njano na kahawia zilikuwa kitu kimoja. Shangazi alishika ya wadi akasema ni ya seneta. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na darasa lenye madirisha madogo huwa bado na giza, kwa hiyo kosa lile lingeweza kutokea siku yenyewe. Tukakubaliana kila mtu atazame picha, jina na nembo ya mgombea, vyote vitatu, asitegemee rangi tu. Na siku ya mkesha wa uchaguzi, tume ya uchaguzi iliahirisha kura za ugavana Mombasa na Kakamega kwa sababu picha za wagombea zilikuwa zimechanganywa.

Alama tulizipitia upesi. Ni moja kwa kila karatasi: tiki, msalaba au hata dole gumba, mradi ionekane wazi umemchagua nani. Ukitia kwa wawili, kura imekwenda. Ukiandika jina lako, imekwenda pia. Ukikosea kabla hujaitumbukiza, mrudishie msimamizi wa kituo akupe nyingine.

Wawili kati yao hawakujua kusoma, na wote wawili walikuwa wamepanga kusaidiwa na kijana mmoja. Haiwezekani. Msaidizi lazima awe ametimiza miaka 18, anaapa kutunza siri, na anamsaidia mtu mmoja tu. Ukifika bila mtu wako, msimamizi ndiye atakayekutilia alama, na mawakala wa wagombea wapo hapo hapo wanasikia unamtaka nani. Hilo liliwashtua kuliko yote, na ndivyo ilivyostahili. Bi mkubwa mmoja akatuma aitwe mjukuu wake usiku ule ule.

Kisha shangazi akasema, "Sasa mwanangu, tuambie tumpe nani."

"Hilo si langu, shangazi. Kila mmoja ataje jambo moja linalomuumiza, tulitafutie karatasi yake."

Dawa za zahanati: buluu, maana Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti zahanati na hospitali zake. Chekechea, buluu tena. Walimu wa shule za msingi: serikali ya kitaifa. Usalama wa barabara ya Witu na Garsen: kitaifa, kwani polisi si wa gavana. Kila jibu nililiweka juu ya kipande chake, na ubishi ukawa mkali tulipofika fidia ya wavuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wapewe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari. Mgombea mmoja wa ugavana alikuwa amewaahidi mkutanoni kwamba atawalipa ndani ya siku mia moja.

"Atalipa kwa fungu gani?" nikauliza. Bandari ni mradi wa serikali ya kitaifa. Gavana anaweza kupiga kelele na kuandika barua, na hilo lina thamani yake, lakini pesa hizo hazimo mkobani mwake.

Hata ahadi za zahanati zina kizingiti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Gavana anayeapishwa Agosti anakuta bajeti imeshapitishwa na bunge la kaunti lililotangulia. Akitaka kuongeza dawa kabla ya Julai nyingine, inambidi apeleke bajeti ya ziada, na wanaoipitisha ni wawakilishi wa wadi. Lamu ina wadi kumi tu. Mtu mmoja katika kumi waliochaguliwa ni uzito mkubwa, na wengi humchagua kwa sababu aliwahi kuchangia mazishi.

Shangazi alinyamaza, akakiokota kile kipande cha kahawia, akakikunja na kukitia chini ya kikombe chake ili upepo wa kusi usikipeperushe.

Asubuhi ya 10 Agosti alinipitia mapema. Matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni. Watu walikuwa wamejazana kwenye fomu ya rais, yeye akanivuta pembeni, kwenye Fomu 36A.

"Nisomee hii ya wadi. Jina moja moja."

Nikasoma, yeye akihesabu kwa vidole. Nilipomaliza akauliza, "Na zilizokataliwa ni ngapi?" Nikaweka kidole kwenye mstari huo, nikamsomea.