Kulitafuta jalada la mirathi au talaka Dar es Salaam

Ukifika dirisha la masijala ukasema unaomba faili la mirathi ya marehemu mzee wako, utaulizwa namba ya shauri. Karani hafanyi roho mbaya. Rejesta za mahakama hufuata namba na mwaka. Shauri la Mirathi Na. 214/2009 linaweza kutoka kabatini ndani ya muda mfupi, lakini "mirathi ya mzee Juma" maana yake ni kupekua vitabu ukurasa kwa ukurasa, na akina Juma wa Dar hawahesabiki. Kazi kubwa basi hufanyika kabla hujapanda daladala.

Namba huwa imeandikwa mahali ambapo familia haikumbuki kutazama. Iko kwenye Fomu Na. 4, ile ambayo Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi wa mirathi anapoteuliwa. Iko kwenye samansi na stakabadhi za zamani. Kama marehemu alikuwa na akaunti, benki haikumlipa msimamizi bila kubaki na nakala ya uteuzi wake. Kama nyumba ilikuwa na hatimiliki na umiliki ukahamishiwa kwa msimamizi, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, utaona jina la msimamizi na uteuzi uliotumika. Njia hii haisaidii kwa nyumba zenye mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa tu, na Dar nyumba hizo ni nyingi.

Namba ikikosekana kabisa, tafuta mahakama na mwaka. Hapo ndipo wengi hupotea. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya mtu aliyekuwa na makazi ndani ya eneo lake wakati anafariki. Alikozikwa hakuhusiki, wala palipo na nyumba ya urithi. Aliyeishi Buguruni akazikwa Moshi, anza Buguruni. Kisha kumbuka kwamba mipaka ya jiji si ile ya zamani. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, katikati ya miaka ya 2010. Aliyefariki Kimara mwaka 2009 alikuwa mkazi wa Wilaya ya Kinondoni, na kumuulizia Ubungo kwa sababu leo Kimara iko Ubungo ni kupoteza nauli.

Dini na mila navyo vinaelekeza. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale sheria inayotumika kwenye mirathi ni ya Kiislamu au ya kimila. Mirathi ya Mkristo aliyeacha wosia, au aliyeishi maisha yaliyo mbali na mila za kabila lake, mara nyingi utaikuta juu zaidi, hasa Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Na kama familia haikuelewana kabisa, uliza pia RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa sababu Kabidhi Wasii Mkuu, afisa wa serikali wa kusimamia mirathi, yuko huko na wakati mwingine yeye ndiye huteuliwa kusimamia.

Tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia Temeke, chenye ngazi zote kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu katika jengo moja. Kwa mashauri ya ndoa na mirathi ya miaka ya karibuni, huko ndiko pa kuanzia. Kwa shauri lililofungwa kabla ya hapo, anza kwenye mahakama iliyolisikiliza, iwe Kariakoo, Magomeni, Ukonga au kwingineko. Usidhani kila karatasi ya zamani ilihamia Temeke.

Kuhusu intaneti, TanzLII, tovuti ya maamuzi ya mahakama za Tanzania, ni ya bure na inafaa, ila ielewe. Imejaa maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Shauri lililoishia Mahakama ya Mwanzo bila rufaa usitarajie kulikuta. Lakini kama ndugu waligombana hadi juu, uamuzi wa rufaa hutaja mahakama ya chini pamoja na namba ya shauri la mwanzo, tena kwenye ukurasa wa kwanza. Hiyo ndiyo dhahabu yako. Tafuta kwa jina la marehemu, kisha kwa jina la msimamizi, maana vichwa vingi vya mashauri hubeba jina la msimamizi. Jaribu pia tahajia zote: Mohamed, Mohamedi, Muhammad, Saidi na Said, na majina mawili badala ya matatu.

Ukishajua jalada lilipo, andika barua kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama hiyo, au kwa Naibu Msajili ikiwa ni Mahakama Kuu, ukiomba kukagua jalada. Taja namba, mwaka, majina yote ya marehemu, uhusiano wako naye na sababu. Ambatisha kitambulisho, nakala ya cheti cha kifo na kitu kinachoonyesha undugu, kama cheti cha kuzaliwa. Kama hukuwa mdaawa, yaani mmoja wa wahusika wa shauri, sababu ndiyo inayopimwa. "Nataka kujua tu" ni sababu dhaifu. "Mimi ni mrithi na sikushirikishwa" inasikilizwa. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali unayopewa na mahakama. Anayetaka umpe mkononi bila stakabadhi, achana naye.

Ndani ya jalada, wengi hukimbilia hukumu. Tazama kwanza Fomu Na. 5 na Na. 6, yaani orodha ya mali na madeni pamoja na hesabu za mgawo. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuziwasilisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Zisipokuwemo, hesabu hazijawasilishwa, na mrithi anaweza kuiomba mahakama imwite msimamizi azilete hata kama miaka imepita. Ukihitaji nakala, sema wazi unataka iliyothibitishwa kwa muhuri, maana benki na ofisi za ardhi hazipokei kivuli. Na taja unachotaka: hukumu, tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu), au mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani), kwa kuwa kila kimoja huombwa kwa jina lake.

Talaka ina mtego wake. Karatasi ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), au ya baraza lolote la usuluhishi la ndoa, si talaka ya mahakama. Kwa kawaida ni hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, na ndiyo huambatishwa shauri linapofunguliwa. Hivyo kabla ya kuzunguka masijala, hakikisha kwamba wahusika walifika mahakamani kweli. Kama walifika, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu shauri kufunguliwa kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, kwa hiyo usiache ngazi yoyote. RITA nao husajili talaka. Mashauri ya watoto na ya kuasili ni ya faragha, na mtu wa nje asitegemee kuyaona.

Ukiambiwa jalada halipo, usikimbilie kusema limeibwa. Rufaa inapokatwa, jalada halisi huitishwa na mahakama ya juu: kutoka Mwanzo kwenda Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na huweza kubaki huko miaka baada ya uamuzi. Omba karani aangalie kama lilitumwa na kwa barua ipi, kisha ulifuate kwa namba ya rufaa, ambayo si sawa na ile ya mwanzo. Likikosekana kote, omba kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu la maandishi kwamba limepotea ndilo litakalokuwezesha kuiomba mahakama iliunde upya kutokana na nakala zilizo mikononi mwa wadaawa, mawakili wao na benki.