Nilivyopata umri wa bakuli langu la aironstoni

Huku Ohio, kwenye minada ya mali za marehemu, vyombo vyeupe vya aironstoni, yaani udongo mgumu wa kufinyangia vyombo vya mezani, havikosekani. Nilinunua bakuli la supu lenye kifuniko, zito kuinua kwa mkono mmoja, ubavuni limechomoza masuke ya ngano ambayo ukipitisha kidole unahesabu punje. Muuzaji aliniambia ni la zamani. Mimi nilitaka mwaka.

Asili yake ni Staffordshire, Uingereza. Charles James Mason alipata hataza ya udongo huo mwaka 1813, akauita kwa jina la jiwe la chuma ili wateja waamini ugumu wake. Kuanzia miaka ya 1840 wafinyanzi kama James Edwards wa Burslem wakatengeneza vyeupe visivyo na rangi na kuvisafirisha kwa wingi Marekani, ambako familia za mashambani zilivipenda: vinafanana na kaure, bei nafuu, na havivunjiki ovyo. Ndiyo maana vimejaa huku.

Nililigeuza bakuli. Kitakoni palichapwa jina la Elsmore & Forster, kiwanda cha Tunstall huko Staffordshire, na pembeni yake kulikuwa na alama iliyogandamizwa kwenye udongo kabla haujachomwa, umbo lake kama uru ya karata. Alama hiyo ndiyo hazina yenyewe, lakini ule mng'aro wa kioo ulikuwa umeifukia. Nilizima taa, nikamulika tochi kutoka ubavuni ili vivuli viingie kwenye mashimo. Kisha nikalaza karatasi nyembamba juu yake na kusugua taratibu kwa ubavu wa penseli. Herufi zikajitokeza.

Juu kabisa, ndani ya duara, IV: kundi la vyombo vya udongo katika usajili wa miundo wa Uingereza. Chini ya duara hilo, kwenye pembe ya juu ya uru, M; pembe ya kushoto K, ya kulia 2. Alama hizi zilitumika kuanzia 1842 hadi 1883, na mpangilio ulibadilishwa mwaka 1868, kwa hiyo kabla ya kutafsiri herufi yoyote angalia kwanza imekaa wapi. Hadi 1867 herufi ya mwaka hukaa juu, ya mwezi kushoto, tarehe kulia. M ya juu ni 1859. M hiyohiyo ikiwa chini, katika mpangilio wa baadaye, ni mwezi wa Juni. K ni Novemba. Kwa hiyo muundo huu ulisajiliwa tarehe 2 Novemba 1859, nao unajulikana kwa jina la Ceres, mungu wa kike wa nafaka wa Warumi.

Hiyo ni tarehe ya muundo, siyo ya bakuli kutoka tanurini. Muundo uliopendwa uliendelea kufinyangwa miaka mingi. Hapo jina la kiwanda likanisaidia, maana Elsmore & Forster walifanya kazi pamoja hadi 1871. Bakuli langu basi ni la kati ya 1859 na 1871, na hilo linanitosha kabisa.

Kama chombo chako hakina uru, tafuta neno England. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zitaje nchi zilikotoka, hivyo sahani yenye neno hilo mara nyingi ni ya 1891 au baadaye. Ikiandikwa Made in England, kwa kawaida ni ya karne ya 20, hata muuzaji akiapa vipi.