Homa ya ini, shemeji na chupa ya maji meusi

Nilikwenda kuchangia damu nikiwa buheri wa afya, nikaitwa tena na kuambiwa kwamba damu yangu ina virusi vya homa ya ini aina ya B. Macho hayakuwa ya manjano wala ubavu haukuuma, na ndiyo maana shemeji yangu, ambaye hakosi dawa ya jambo lolote, alisema mashine imekosea, na hata kama haikukosea, nisafishe ini kwa mizizi.

Nilimsikiliza, na ujinga huo ni wangu. Kwa siku 21 nilikunywa maji meusi kutoka chupa ya soda, machungu kiasi kwamba nilishika pua kwa mkono mmoja na sukari kwa mwingine, huku shemeji akiusifu uso wangu kwamba umenawiri. Nililipa elfu themanini na kitu, na jogoo juu yake. Nilipopimwa, vimeng'enya vya ini, ambavyo huvuja kwenye damu seli za ini zikiumia, vilikuwa vimepanda karibu mara tatu. Daktari aliomba aione chupa, akainusa, akaifunga taratibu. "Mwalimu, kila unachokunywa hupitia kwenye ini. Hili lako lilikuwa tayari linaumwa."

Alinieleza kwamba virusi vya B vyenyewe si vinavyoua seli za ini. Kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia seli vilimojificha, na vita hivyo vikidumu miaka huacha makovu, ini likawa gumu, hata saratani ikaingia. Aina A na E, zinazopitia maji na chakula kichafu, kwa kawaida hupona zenyewe. C hutibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. D haiwezi kuishi bila B, nikajiona kama mwenye nyumba anayesubiri mpangaji.

Miezi 6 ilipita virusi vikiwa bado vipo, na baada ya vipimo vingine nikaanzishiwa tenofovir, kidonge cha kila siku cha kuzuia virusi visizaliane. Jirani alipoliona kopo alinong'ona kwamba nina ukimwi, kwa kuwa dawa hiyo hutumika huko pia. Kwa usahaulifu wangu nilibuni mbinu: sisikilizi taarifa ya habari ya saa mbili usiku kabla ya kumeza kidonge, na mimi habari sikosi. Mke wangu alipimwa, akakutwa salama, akachanjwa mara tatu. Watoto walichanjwa wakiwa wachanga, kwani Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo mwaka 2002.

Sasa virusi havionekani kwenye kipimo, ingawa vidonge naendelea navyo. Shemeji bado hajapima. Nimemwahidi nauli ya kwenda na kurudi, naye ameniuliza kama kuna chupa iliyobaki.