Kumbe vioo vinashonwa!

Jamani nipo Hampi huku Karnataka, India, jana mama mmoja wa Kilambani (jamii ya huku, ndo hao hao Wabanjara) kanionyesha anavyotia vioo kwenye kitambaa, mi siku zote nilijua vinabandikwa na gundi kumbe wapi, anapishanisha nyuzi juu ya kioo kama fremu halafu anazungusha sindano pembeni mpaka kinakaza, na kioo chenyewe kidogo kama kifungo cha shati! Pembezoni mwa kitambaa kauri (zile simbi za baharini) na visarafu, ukitikisa vinalia. Darizi kama hizi za Walambani wa Sandur, mji wa hapo jirani, zimesajiliwa kisheria tangu 2010, jina halichukuliwi ovyo, na zinastahili kabisa. Nimenunua kipochi, bei sikuomba apunguze hata rupia moja, macho na vidole vyote vile jamani.