Karatasi za Irma Stern, Nikizisoma Nikiwa Arusha

Wachoraji wengi tunawajua kwa picha zao tu, na pengine wenyewe wangependa iwe hivyo. Irma Stern wa Afrika Kusini aliacha zaidi ya picha: aliandika shajara, barua na masimulizi ya safari, na karatasi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Afrika Kusini mjini Cape Town. Mimi niko Arusha na nimesoma yale tu yaliyochapishwa, lakini hayo yanatosha kumfanya mtu aitazame upya picha aliyodhani ameshaimaliza.

Alizaliwa mwaka 1894 Schweizer-Reneke, mji mdogo wa Transvaal, na wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Utotoni aliishi huku na kule kati ya Afrika Kusini na Ujerumani, kisha akasomea uchoraji Weimar na Berlin. Mwaka 1917 alikutana na mchoraji Max Pechstein, ambaye alimuunga mkono sana, na mwaka huohuo akaanza shajara aliyoiita Paradise, ambamo maneno na michoro vinakwenda pamoja. Alirudi Cape Town mwaka 1920. Maonyesho yake ya mwaka 1922 yalidhihakiwa na wakosoaji, hata polisi wakaja kuchunguza kama picha zake zinavunja maadili. Ajabu ni kwamba miaka iliyofuata mji huohuo ulimfanya kuwa fahari yake, na baada ya kifo chake nyumba yake ya Rosebank, mtaa wa mji huo, ikafanywa jumba la makumbusho.

Barua zinazonivuta zaidi ni zile alizowaandikia rafiki zake wa Johannesburg, Richard na Freda Feldman, ambazo binti yao alizichapisha mwaka 2003. Humo yumo mwanamke mwenye kipaji, mpweke, mwenye kutaka sana kutambuliwa, ambaye furaha ya safari na wasiwasi wa fedha vinaweza kumjia kwa pamoja. Nilimpenda zaidi baada ya kuzisoma, na nilimwamini kidogo zaidi pia, kwa sababu mtu anayelalamika hivyo si rahisi awe anajipamba.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili, sehemu nzito ni Zanzibar. Alifika Unguja mwaka 1939 na kurudi tena 1945, enzi za Seyyid Khalifa bin Haroub chini ya ulinzi wa Waingereza, na mwaka 1948 akatoa kitabu chenye jina la kisiwa hicho. Alichora wanawake waliojitanda, wazee wenye vilemba, watu wa barazani, kwa rangi nene zinazoonekana kama bado hazijakauka. Baadhi ya picha hizo alizitia katika fremu za mbao zenye nakshi za milango ya Unguja, na hapo ndipo ninapopata shida. Fremu hizo ni nzuri kupita kiasi, lakini mbao za namna hiyo zilichongwa ili zikae kwenye mlango wa nyumba ya mtu, na sasa zinabeba sura ya mwingine ukutani mbali na nyumba hiyo.

Picha ya mzee mmoja, ya mwaka 1945, inayojulikana kwa jina la Arab Priest, yaani Kasisi wa Kiarabu, iliuzwa mnadani London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Jina la mchoraji linajulikana, tarehe inajulikana, bei imetangazwa dunia nzima, ilhali jina la picha halituambii mzee yule aliitwa nani wala alikuwa wa mtaa gani. Simlaumu Irma peke yake, kwani huo ulikuwa mtindo wa wakati wake. Hata hivyo, kwa mwanamke aliyetunza maneno yake mwenyewe kwa bidii hivyo, ukimya huo unaonekana zaidi.

Hapa Arusha ukimya huo si wa zamani. Picha za sura za watu huuzwa kwa watalii wanaopita kwenda Ngorongoro na Serengeti, nazo huondoka nchini bila hata neno moja nyuma yake. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mchoraji wa siku nyingi, ana madaftari ya shule ambamo ameandika rangi alizonunua, turubai alizokopa, na wateja wanaomdai picha. Nilipoyaona nilimwuliza kama ameandika pia majina ya wale waliokaa mbele yake akawachora, akasema mengi anayo kichwani. Tumeanza kuyaandika Jumapili jioni, yeye akitaja na mimi nikiandika, na mara nyingi tunakwama kwa sababu kila jina lina hadithi ambayo lazima imalizwe kwanza. Picha mpya anaziandika mwenyewe nyuma ya turubai, jina la mchorwaji likitangulia; tarehe anasema ni kazi yangu.