"Naam" ya mtoto si ridhaa

Unataka kumhoji mtoto kwa utafiti wako. Baba katia saini, sheha (kiongozi wa mtaa) kagonga muhuri, kibali cha utafiti kimo mkobani. Mtoto bado hajakubali. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi ndiye anayetoa ridhaa, lakini neno la mtoto lina uzito wake peke yake, na hapo ndipo kazi nyingi za Unguja na Pemba zinapoharibika. Mtoto wa Kipemba akiitwa na mkubwa huitika "naam", wa kike "labeka". Ukimuuliza kama yuko tayari, atasema ndiyo. Hiyo ni adabu aliyofunzwa nyumbani na chuoni, yaani madrasa. Kumkatalia mgeni aliyeletwa na mwalimu ni utovu wa adabu, naye anajua.

Basi mfunze kukataa kabla hujamuuliza la maana. Weka simbi, ganda la pwani, juu ya mkeka, mbele yake: akiligeuza, swali linarukwa. Anza na maswali mepesi, kama jana walikula nini, na aligeuze mara mbili kwa mazoezi. Baadaye akiligeuza kweli, usiulize kwa nini, wala usilirejee swali lile kwa mlango wa nyuma. Asipoligeuza hata mara moja, liandike hilo. Huenda bado anakuogopa.

Kaeni barazani, wakubwa wawaone bila ya kuwasikia. Darasani, karibu na meza ya mwalimu, utapata majibu ya mtihani. Dakika 30 zinatosha, na zisile wakati wa chuoni.

Ukimaliza, tumia dakika 10 kujiandika wewe: umekuja na gari ya nani, umevaa nini, jibu gani limekupendeza. Hilo lililokupendeza lipigie mstari, kisha tazama swali lake. "Mwalimu anakupiga, sivyo?" limeshamtia mtoto jibu mdomoni. "Ukichelewa skuli huwa nini?" limemwachia nafasi.

Usimwahidi kwamba kila atakalosema litabaki siri. Mwambie mapema kwamba ukisikia anaumizwa utamwambia mtu wa kumsaidia, na yeye utamjuilisha kwanza. Ofisa wa ustawi wa jamii, kituo cha Mkono kwa Mkono (cha kuwahudumia waliodhalilishwa) kilicho karibu, na 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, uwe navyo kabla hujauliza swali la kwanza.

Na majina. Katika kisiwa kidogo kama Kojani, Pemba, "mtoto wa nahodha fulani" tayari ni kumtaja. Mwache achague jina la bandia, lakini muulize nani anamwita hivyo, maana wengi huchagua jina la utani linalojulikana mtaa mzima.