Nilivyowaonyesha wanafunzi upinde wa mvua kwa chupa moja ya maji

Nafundisha Fizikia Kidato cha Tatu hapa Bukoba, mji ambao mvua si habari. Wanafunzi wangu wameuona upinde wa mvua tangu wakiwa wadogo, na kwamba maji huugawa mwanga wa jua kuwa rangi wanakubali bila ubishi. Binti mmoja wa dawati la nyuma ndiye aliyeuliza lililo gumu: "Mwalimu, matone yametapakaa angani kote. Kwa nini rangi zinakaa kwenye ukanda mwembamba tu, tena uliopinda?" Sikutaka kulijibu swali zuri namna hiyo kwa chaki.

Njia niliipata kwa watu wa kale. Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi kule Uajemi na Theodoric wa Freiberg kule Ujerumani, kila mmoja kivyake, walichukua tufe la kioo lililojaa maji wakalichunguza kama tone moja kubwa la mvua. Mwaka 1637 Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati Mfaransa, alieleza jaribio la aina hiyohiyo na kutaja nyuzi za pembe alizopata. Sisi maabara yetu inayo chupa ya kioo yenye tumbo la mviringo kama tufe; tukaijaza maji. Basi.

Niliomba kipindi kihamishiwe saa mbili asubuhi, jua likiwa bado chini. Tukapitisha kamba juu ya tawi la mwembe, tukaivuta chupa juu, wanafunzi wakasimama hatua kadhaa mbali nayo, jua likiwapiga mgongoni. Ilipokuwa juu kabisa hapakuonekana rangi yoyote. Tukaishusha polepole. Ghafla ukingo wa chini wa chupa ukawaka wekundu mkali ajabu! Tukashusha kidogo tena: njano, kijani, buluu, zambarau, kisha rangi zikaisha.

Halafu wakaanza kubishana, na hapo ndipo nilipofurahi. Mfupi anasema nyekundu, mrefu aliye pembeni yake anasema kijani. Wote wawili walikuwa sahihi. Tone moja hulipelekea jicho moja rangi moja kwa wakati, kutegemea pembe. Kwa hiyo kila mtu ana upinde wake, hata kama mmesimama bega kwa bega.

Tulipima kwa kipimapembe kikubwa cha ubaoni na uzi, tukianzia uelekeo wa kivuli cha kichwa cha mtazamaji. Nyekundu huangukia karibu nyuzi 42, zambarau karibu 40. Mwale huingia kwenye tone ukipinda, huakisiwa na ukuta wa nyuma, hupinda tena ukitoka. Miale hutoka kwa pembe nyingi, lakini hulundikana karibu na hizo nyuzi, ndiyo maana ukanda ni mwembamba na unang'aa. Na matone yote yaliyo nyuzi 42 kutoka mstari wa jua, kichwa na kivuli chake hufanya duara. Ardhi ndiyo inayolikata. Mtu aliye ndani ya ndege anaweza kuliona zima.

Binti yule aliongeza mwenyewe: "Kumbe ndiyo maana mchana hatuuoni!" Naam. Jua likipanda kupita nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, upinde wote huwa chini ya upeo huo. Kwetu hapa hiyo ni kuanzia saa nne kasoro hivi asubuhi hadi karibu saa kumi alasiri. Anayetaka kuhakikisha aangalie kivuli chake: kisipozidi urefu wake, asihangaike. Kikizidi vya kutosha na mvua inanyesha upande wa pili wa jua, atazame. Asubuhi upinde wetu hukaa upande wa vilima, jioni juu ya Ziwa Victoria.

Mwalimu mwenzangu ukijaribu, usiishie hapo. Upinde wa pili, ule hafifu wenye rangi zilizogeuka, nao unapatikana kwa chupa hiyohiyo: ipandishe hadi nyuzi 51 hivi, tazama ukingo wa juu badala ya wa chini, na utundike kitambaa cheusi nyuma yake, kwa sababu humo mwanga umeakisiwa mara mbili na umepungua sana.